Mwaliko wa Rafiki na Amana ya Urafiki

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyetuumba tukiwa wengi wa rangi, lugha na tabia, kisha akatutunukia akili ya kupambanua. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake, masahaba zake, na kila aliyeufuata mwendo wao kwa wema mpaka siku ya malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, akina baba na akina mama, nanyi wanafunzi mnaotusikiliza: leo twakusudia kulieleza jambo ambalo wazee wetu hawakupata kuulizwa, lakini watoto wetu wanaulizwa. Kijana wetu amekwenda Cape Town au Johannesburg kusoma, au yuko London, Toronto au Amsterdam kwa kazi. Huko ana rafiki wa karibu. Siku moja rafiki yule amwambia kwamba anafunga ndoa: ikiwa ni mwanamume, na mwanamume mwenziwe, ikiwa ni mwanamke, na mwanamke mwenziwe, na sheria ya nchi ile yawaruhusu. Wala hamwambii kwa kumpa habari tu. Amwalika ahudhurie, na pengine amwomba awe shahidi wake, atie sahihi katika daftari, au asimame aseme neno mbele ya wageni. Kijana arudi chumbani kwake, akili yake ina mawimbi, ajiuliza: Nifanyeje?

Wapo wanaolijibu suala hili upesi. Mmoja husema, mkatie mguu, usimjue tena. Mwingine husema, nenda zako ucheze ngoma, dunia imebadilika. Majibu haya mawili yanafanana kwa jambo moja, nalo ni kwamba yote humpumzisha mtu asifikiri. La kwanza laipoteza haki ya rafiki, na la pili laweza kuipoteza haki ya dhamiri. Sisi twaona yatupasa kwenda taratibu, tulijue kwanza jambo lenyewe, kisha tutenganishe kilichochanganywa, ndipo tujibu.

SHERIA YASEMAJE

Tuchukue mfano wa Afrika Kusini, maana ndiyo nchi ya bara letu ambayo jambo hili limo katika sheria yake, na ndiyo nchi yenye Waislamu wakongwe, ambao misikiti yao ya Cape Town ina umri wa miaka zaidi ya 200. Tena wako huko ndugu wengi wasemao Kiswahili, waliotoka Kongo, Tanzania na Kenya.

Katiba ya nchi ile iliyoanza kutumika mwaka 1997, baada ya kuanguka utawala wa kibaguzi, ilikataza mtu kubaguliwa kwa rangi yake, dini yake na jinsia yake, na ikataja pia wale ambao mapenzi yao yaelekea kwa watu wa jinsia yao. Tarehe 1 Desemba 2005 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba kuwanyima watu hao ndoa ya serikali kunakwenda kinyume cha Katiba, na ikalipa Bunge muda wa mwaka mmoja kuisawazisha sheria. Bunge likapitisha Sheria Nambari 17 ya mwaka 2006, iliyoanza kazi tarehe 30 Novemba mwaka huo. Kwa hivyo Afrika Kusini ikawa nchi ya tano ulimwenguni, baada ya Uholanzi mwaka 2001, Ubelgiji mwaka 2003, na Uhispania na Kanada mwaka 2005. Baadaye zilifuata nyingine nyingi: Ufaransa mwaka 2013, Uingereza mwaka 2014, na Marekani nzima mwaka 2015.

Huku kwetu mambo sivyo yalivyo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yaieleza ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yampa mtu mzima haki ya kuoana na mtu wa jinsia nyingine. Ndiyo maana suala hili huwafikia zaidi walio safarini kuliko walio nyumbani.

Sasa tazameni shughuli yenyewe inavyofanywa. Sheria ile ya Afrika Kusini yataka ndoa ifungwe katika ofisi ya serikali, au nyumba ya mtu, au mahali palipotengwa kwa kazi hiyo, tena milango ikiwa wazi, mbele ya ofisa mwenye mamlaka na mashahidi wasiopungua wawili. Wawili wanaooana huulizwa kama wanakubali kwa hiari zao. Wakisema ndiyo, hutia sahihi, na mashahidi hutia sahihi, na ofisa hutia sahihi. Hapo daftari hufungwa. Hapana imamu, kasisi wala rabi anayelazimishwa kuifungisha. Walioguswa na lazima ni watumishi wa serikali: hapo kwanza ofisa wa serikali aliweza kuomba asiifungishe kwa ajili ya dhamiri yake, lakini kifungu hicho kilifutwa mwaka 2020. Raia wa kawaida, mgeni au jirani, hakuguswa na lazima yoyote. Aalikwapo, aweza kwenda na aweza kutokwenda.

Linganisheni hayo na nikahi yetu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi katika pwani yetu, nguzo za nikahi ni mume, mke, walii, mashahidi wawili, na tamko la kuoza na kukubali. Katika ndoa ile ya daftari hamna walii, hamna tamko letu wala hotuba yetu. Basi si nikahi, na wala yenyewe haidai kuwa ni nikahi. Ni mkataba wa dola. Jambo hili twalitilia mkazo kwa kuwa watu wengi hughadhibika wakidhani kwamba nikahi imechukuliwa ikapewa wasiostahiki, hali nikahi ingali pale ilipokuwa, misikitini na majumbani mwetu, kwa nguzo zake zilezile.

Na mtu akiuliza, ikiwa ni karatasi tu, hao wawili waitakia nini? Jibu lake Waislamu wa Afrika Kusini walijua zamani, kwa uchungu. Kwa miaka mingi nikahi zao hazikutambuliwa na serikali. Mume alipokufa bila wasia, mjane aliweza kuambiwa kwamba yeye si mke katika jicho la sheria, na nyumba aliyoishi ikawa hatarini. Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ile ile ikaamua kwamba mjane aliyeolewa kwa nikahi ahesabiwe mke katika mirathi hiyo. Mwaka 2022 ikaamua tena kwamba sheria za ndoa na talaka zisizozitambua ndoa za Kiislamu zapingana na Katiba, na kwamba wake na watoto wa ndoa hizo wapate ulinzi. Anayejua jinsi mama alivyotaabika kwa kukosa karatasi, anajua pia kwa nini watu wengine waitafuta karatasi: kwa ajili ya nyumba, urithi, na ruhusa ya kuingia wodini mwenzio anapougua. Kujua sababu ya mtu si kukubaliana naye, bali ni kumfanyia insafu.

MGENI, SHAHIDI NA MSEMAJI

Mwaliko wa arusi si kitu kimoja. Ndani yake mna viti vitatu, na kila kimoja kina maana yake.

Cha kwanza ni kiti cha mgeni. Mgeni huja, huketi, hula, huwapa mkono wenye shughuli, na huenda zake. Kuwako kwake kwasema, mimi ni miongoni mwa watu wenu. Hakutamki hukumu yoyote, ingawa watu waweza kuipa kimya chake maana wanayoitaka.

Cha pili ni kiti cha shahidi. Shahidi hutia sahihi. Kisheria, ushahidi wake ni kwamba watu hawa walisimama mbele ya ofisa na wakakubali kwa hiari yao. Hashuhudii zaidi ya hapo. Walakini jina lake litakaa katika daftari muda wote daftari litakapokaa, na kwetu sisi neno ushahidi lina uzito mkubwa. Mtu haweki jina lake mahali ambapo moyo wake haupo.

Cha tatu ni kiti cha msemaji, yaani yule aombwaye kuhutubu, kuomba dua, au kuwaongoza wanaooana mpaka mbele ya ofisa. Huyu haji kutazama tu, bali huitia shughuli maneno yake na baraka zake.

Twavitenganisha viti hivi kwa kuwa wengi huvikataa vyote au huvikubali vyote kwa pamoja, bila kujua kwamba rafiki mwenyewe angeridhika na kimoja. Mwulizeni kwanza: wanitaka nini hasa siku hiyo? Huenda jibu lake likawa jepesi kuliko mlivyoogopa.

MAULAMAA NA MWALIKO

Kuitika mwaliko ni jambo lililokokotezwa katika dini yetu. Mtume (S.A.W.) alilihesabu kati ya haki za Mwislamu juu ya Mwislamu mwenziwe, na vitabu vya fiqihi vina mlango mzima juu ya karamu ya arusi. Humo humo maulamaa waliweka sharti: wajibu wa kuitika huondoka ikiwa katika shughuli mna jambo ambalo sharia hailikubali, na mwalikwa hana uwezo wa kuliondoa. Na maulamaa wa madhehebu yote manne wanashika kwamba ndoa ni baina ya mwanamume na mwanamke. Kwa ajili hiyo walio wengi katika maulamaa wa leo humshauri Mwislamu asihudhurie arusi kama hii, na zaidi wamkataza asiishuhudie wala asiiombee dua. Sisi hatukuandika haya ili kuibadili hukumu hiyo, wala ili kuificha.

Lakini uadilifu wataka tueleze pia kwamba wako Waislamu, hasa wanaoishi ugenini, waliokwenda na wakaketi katika kiti cha mgeni. Ukiwauliza, hutoa hoja zao. Husema kwamba wao hawakwenda kuithibitisha ndoa kuwa nikahi, bali walikwenda kumheshimu mtu. Hukumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alisimama jeneza la Myahudi lilipopita, na alipoambiwa kuwa maiti ni Myahudi, akajibu kwa kuikumbusha heshima ya nafsi. Husema pia kwamba Suratul Mumtahana haikuwakataza waumini kuwatendea wema na uadilifu wale wasiowapiga vita kwa ajili ya dini yao. Anayepinga atajibu kwamba jeneza si arusi, na kwamba wema una milango mingine. Hoja hizi zina uzito pande zote mbili, na mwenye kutaka yakini na amwendee shehe anayemwamini, ajuaye dini na ajuaye pia maisha ya nchi ile.

Moja twalisema wazi: asije mtu akamtoa ndugu yake katika Uislamu kwa sababu alikaa kitini katika karamu ya rafiki. Wala asije aliyekwenda akamwita asiyekwenda mtu wa giza asiyejua ulimwengu. Mlango wa kumkufurisha Mwislamu ni mlango ambao wanazuoni wetu waliufunga kwa makufuli mengi.

MWALIKO MMOJA, MASWALI MAWILI

Sasa twafika katika kiini cha maneno yetu. Rafiki akialika, huuliza maswali mawili kwa mara moja. La kwanza ni hili: utaungana nami katika jambo hili nilifanyalo? La pili, ambalo aghlabu halitamki, ni hili: mimi na wewe bado tu marafiki? Makosa mengi hutokea pale mtu anapolijibu la kwanza kwa hapana, na hapana ile ikasikika kuwa ndiyo jibu la swali la pili.

Tuseme kijana wetu kutoka Tanga alifika Johannesburg hana mtu. Akashirikiana chumba na mwanafunzi mwenziwe, si wa dini yake. Kijana alipopatwa na maradhi, mwenziwe ndiye aliyempeleka hospitali usiku na kungoja benchini mpaka asubuhi. Ilipofika Ramadhani, akajifunza kutopika nyama ya nguruwe katika sufuria ya pamoja, akamwamsha kijana kwa daku. Kijana alipofiwa na mama yake kule nyumbani, huyu ndiye aliyekusanya nauli. Wazee wetu walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Sasa rafiki huyu anafunga ndoa, na katika nafsi yake ana hofu moja kubwa, nayo ni viti vya mbele. Maana baba yake amesema hatakuja, na mama ameambiwa asije. Viti vya wazazi vitakuwa vitupu, na watu wataviona. Ndipo akamwomba kijana wetu asimame karibu naye. Hakutaka fatwa. Alitaka ndugu.

Ndugu wasikilizaji, msikie jambo hili kwa masikio mawili. Katika arusi nyingi za aina hii marafiki huombwa kushika nafasi za jamaa, kwa kuwa jamaa wamekwenda zao. Kwa hivyo hapana yako ina uzito kuliko hapana ya mtu aliyealikwa pamoja na watu mia nne katika arusi ya mtaani kwetu, ambako asiyekuja hajulikani hata kuwa hakuja. Ukitaka kusema hapana, iseme ukijua unaiweka juu ya kidonda gani.

Basi twashauri hivi. Ikiwa dhamiri yako na mafundisho uliyoyapokea hayakuruhusu kuwa shahidi, usiwe shahidi. Ushahidi wa mtu asiyeridhika ni udanganyifu kwa pande zote, na hata rafiki mwenyewe hatafurahi akijua kwamba uliitia sahihi yako ukiwa umefumba macho. Ikiwa hukuruhusiwa hata kuketi, usiketi. Lakini lile swali la pili, la urafiki, lijibu kwa ndiyo iliyo wazi, tena kwa vitendo. Suratu Luqman yatufunza kwamba mtoto anayeshurutishwa na wazazi wake kumshirikisha Mwenyezi Mungu asiwatii katika hilo, na papo hapo akae nao duniani kwa wema. Ikiwa shirki, iliyo kubwa kuliko yote, haikuukata wema baina ya mtoto na mzazi, ni kitu gani kilicho chini yake kitakachouondoa wema baina yako na aliyekungojea hospitalini?

ADABU YA KUJIBU

Jibu jema lina adabu zake, na hizi tano ndizo zilizo kubwa.

Kwanza, jibu mapema. Anayeandaa arusi huhesabu watu, sahani na mashahidi. Kumwacha mtu akingoja mpaka siku mbili kabla, kisha ukatuma habari kwamba una mafua, ni kumvunjia heshima mara mbili, kwa kumharibia shughuli na kwa kumwongopea.

Pili, jibu kwa mdomo wako mwenyewe, uso kwa uso kama mko mji mmoja, au kwa simu kama mko mbali. Usimtume mtu, wala usiandike maneno mawili matatu ukajificha nyuma yake.

Tatu, sema kweli, na useme juu ya nafsi yako, usiseme juu ya nafsi yake. Mwambie: mimi dini yangu yanifunza hivi, na jina langu siwezi kuliweka pale, nami naumia kukuambia hivyo kwa kuwa nakupenda kama ndugu. Usianze kumsomea dhambi zake kama karani asomaye hesabu. Yeye hakukualika umhukumu, na wewe hukuwekwa kuwa kadhi wake. Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Nne, usiache pengo lako tupu. Mwalike yeye nyumbani kwako kabla ya siku hiyo, umpikie pilau, mle pamoja. Au umtembelee baada yake. Msaidie kuhamisha vyombo, kumpokea bibi yake aliyekuja kutoka mbali, kumkalia mtoto. Ikiwa ulizoea kumjulia hali kila Ijumaa baada ya sala, Ijumaa inayofuata arusi yake ndiyo hasa usiyoikosa. Hapo ndipo atakapojua jibu lako la swali la pili.

Tano, ikiwa umeamua kwenda, nenda kwa adabu ya mgeni. Usiende ili uangalie, ukarudi na masimulizi ya kuchekesha barazani. Suratul Hujurat imekataza watu kudharauliana, kuitana majina mabaya, kupelelezana na kusengenyana, na haikubagua kwamba katazo hilo ni kwa ajili ya watu fulani tu. Aliyekula chakula cha mtu kisha akamfanyia mzaha, amekila chakula kile kwa dhuluma.

KULINDA DAMU NA HESHIMA

Katika zama hizi kila mtu ana simu mfukoni, na simu ina macho. Picha moja iliyopigwa katika karamu ya Cape Town hufika Mombasa, Kampala au Dar es Salaam kabla wageni hawajanawa mikono. Mpiga picha huona ni mchezo, lakini katika picha ile pengine yumo mtu ambaye kwao hajulikani. Sheria iliyopitishwa Uganda mwaka 2023 imeweka kifungo cha maisha kwa kitendo chenyewe, na adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa iliyoyaita makubwa zaidi. Nigeria, kwa sheria iliyotiwa sahihi Januari 2014, hata anayeishuhudia ndoa ya namna hii aweza kufungwa miaka 10. Basi picha yaweza kumfungia mtu mlango wa kwao, au ikamfungulia mlango wa jela. Lililoonekana katika majlisi ni amana ya majlisi. Mgeni mwenye amana haondoki na siri ya mwenyeji.

Na yuko mtu ambaye habari yake yatupasa kuitaja, ingawa ni nzito. Muhsin Hendricks alikuwa imamu wa Cape Town aliyejulisha hadharani kwamba yeye mwenyewe ni miongoni mwa watu hawa, akaanzisha msikiti wa kuwapokea Waislamu waliokuwa kama yeye. Maulamaa wa mji wake hawakukubaliana naye, na Baraza la Maulamaa la huko lilikuwa likisema wazi kwamba msimamo wake haupatani na mafundisho ya Uislamu. Tarehe 15 Februari 2025, katika mji wa Gqeberha, gari alimokuwa lilizuiwa njiani, akapigwa risasi, akafa. Baraza lile lile lililompinga miaka yote likatoa tamko la kulaani mauaji hayo, na kulaani kila shambulio juu ya watu wa namna yake au watu wowote wengine.

Zingatieni tamko hilo. Wanazuoni wale hawakubadili rai yao, lakini waliiona damu iliyomwagika kuwa ni damu ya mtu, iliyo na hurumati yake. Risasi haianzi katika bunduki. Huanzia katika neno la dharau lililosemwa barazani, likapokewa kwa kicheko, likabebwa na kijana asiye na elimu akidhani kwamba ametumwa. Kwa hivyo sisi wasemaji wa mimbari, na ninyi wasikilizaji majumbani, sote tuna sehemu yetu ya kujizuia. Suratul Maida yatuonya tusiache kufanya uadilifu kwa sababu ya chuki juu ya watu. Ikiwa chuki yenyewe haikupewa ruhusa ya kutupotosha, sembuse kutofautiana.

NENO KWA WAZAZI

Twamalizia kwa wazazi. Huenda mtoto wako akakupigia simu akakueleza kwamba amealikwa, au kwamba amekwisha kwenda. Usimkemee kabla ya kumsikiliza. Aliyekueleza amekuamini, na angeweza kunyamaza. Mwulize rafiki huyo ni nani, amemfaa kwa lipi, na moyo wake wenyewe wamwambiaje. Mkumbushe dini yake kwa upole, na umwachie nafasi ya kurudi kwako kesho kwa suala jingine lililo gumu kuliko hili. Maana mzazi akipiga kelele leo, kesho mtoto hatafuta shehe wala mama. Atafuta shauri kwa yeyote atakayempata.

Na huenda, kwa kadari ya Mwenyezi Mungu, simu ile isiwe ya habari ya rafiki, bali mtoto awe anazungumza juu ya nafsi yake. Mengi tuliyoyasema juu ya rafiki yanafaa hapo pia, tena zaidi. Ushike mafundisho yako, wala usiukate mkono uliomlea.

Ndugu zetu, urafiki ni amana, na dhamiri ni amana. Mwenye hekima hazivunji mbili ili aepuke taabu ya kuzibeba. Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe ndimi za kweli zisizochoma, na nyoyo thabiti zisizo na kiburi. Awahifadhi watoto wetu walio ugenini, awape marafiki wema, nao awajaalie wawe marafiki wema. Aiepushe miji yetu na damu ya dhuluma, na atusamehe sisi na ninyi na wazazi wetu wote. Amin.

Wabillahi tawfiq.